Siku Kichochoro Kilipotambaa

Tulimalize hili mapema tusije tukalikokota hadi mwisho: siku ile mjinga alikuwa Jaffar. Mwenyewe hakatai. Ukimpitia barazani kwake, Mji wa Kale, ukamuuliza mjinga alikuwa nani, atajigonga kifua kama mtu anayedai urithi, kisha akukaribishe kahawa. Na ujinga wenyewe haukuwa wa kukosa akili. Ulikuwa wa kuzidiwa na akili, ambao ndio mbaya zaidi, kwa kuwa ule wa kwanza hukaa kitako ukanyamaza, na huu wa pili hutaka kuonyeshwa watu.

Miaka ya tisini ndiyo kwanza imeingia. Jaffar alikuwa karani wa wakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, na alikuwa na mtoto mmoja, Aya. Na Aya alikuwa hatembei.

Si kwamba alikuwa haendi. Lo, alikwenda! Alisota. Mguu mmoja aliukunja chini ya makalio, wa pili akaufanya kasia, na kwa mtindo huo aliivuka sebule kabla hujamaliza kusema "mshike." Paka wa nyumba alikuwa akimpisha. Nguo zake zote zilitoboka mahali pamoja. Lakini kusimama dede, kule kusimama kwa kuyumba kunakowafanya watu wazima wapige makofi na kuimba "dede, dede" kama waliopagawa, hakukuwako. Watoto waliozaliwa nyuma yake walishaanza kukimbia na kuvunja vikombe vya watu.

Jawahir, mkewe Jaffar, alikuwa ameacha kwenda harusini. Mwanamke wa Mji wa Kale, aache harusi! Sababu ilikuwa moja. Kila akiketi, jirani alimwinamia kwa huruma iliyofukizwa udi, akamuuliza, "Ehe, shoga, Aya bado?" Hilo "bado" lilimchoma kuliko matusi. Akimwogesha mtoto aliyapapasa magoti yake polepole, akitafuta kosa liko wapi. Jaffar akimwona hivyo hutoa mzaha, maana ndiyo silaha aliyokuwa nayo, na mtu wa kutania akiogopa hutania maradufu. Daktari alishawaambia mifupa ni mizima, wasubiri. Kusubiri ni neno jepesi kwa anayeliagiza.

Basi bandarini alikuwa na mwenzake wa meza, Nicodemus, mtoto wa mchungaji wa Rabai, ambaye mabaharia walimwachia majarida ya sayansi wakishayasoma. Nicodemus alisoma habari za nyani siku za kazi na Biblia Jumapili, na vitu viwili hivyo havikupata kugombana kichwani mwake, kwa sababu kila kimoja kilikuwa na zamu yake.

"Bwana Jaffar," alimwambia siku moja wakila viazi karai, "mwanao hajachelewa. Ni sisi sote tunaozaliwa mapema mno."

"Mapema vipi? Mke wangu alitimiza miezi yake."

"Mwanambuzi husimama siku ileile anayozaliwa, sivyo? Mtu hawezi. Kwa nini? Kwa sababu sisi twaenda kwa miguu miwili. Ukisimama wima, nyonga hubana. Nyonga zikibana, mtoto lazima atoke kichwa hakijakua sana. Yuatoka mbichi. Kuiva, aivie nje."

"Kama ndizi."

"Kama ndizi."

Jaffar aliipenda hiyo. "Sasa nani alitwambia tusimame?"

Nicodemus akajifuta ukwaju vidoleni, akafunua ukurasa. Palikuwa na picha ya viumbe safu moja: wa mwanzo kainama, mikono yakaribia kugusa chini, wa mwisho kanyooka kama askari wa gwaride. "Hapo ndipo wataalamu wanapong'oana ndevu. Kuna wasemao tulisimama tupate kubeba chakula. Wengine, tupate kuona juu ya majani marefu. Wengine, jua lisituchome mgongo mzima. Wako hata wasemao tulianza kwa kuvuka maji. Lakini moja wanakubaliana: mwendo ulitangulia. Kwanza miguu ilisimama, ubongo ukaja kukua baadaye. Baadaye sana, bwana."

"Kuna watu nawajua haujawafikia hadi leo," alisema Jaffar, akacheka peke yake. Maskini, hakujua ni nani anayemsema.

Akaliazima lile jarida, akarudi nalo nyumbani kama mtu aliyefunuliwa siri. Ikiwa watu walisimama kwa haja, basi Aya hajasimama kwa kuwa hana haja. Dawa ni kumtafutia haja!

Alianza na haja ya kubeba. Akamjaza Aya kaimati mikono miwili, akasogea mbali, akamwita. Aya akazitazama kaimati, akaitia moja kinywani, ya pili akaiweka pajani, akasota hadi kwa babake, shira ikimdondoka kidevuni. Kisha haja ya kuona mbali. Jaffar akapanga mito ya sebuleni ikawa ukuta, akajificha nyuma yake akilia kama kuku. Aya akauzunguka ukuta. Haja ya maji aliijaribu kwenye karai la kufulia, na tusiizungumze sana, ila Jawahir alipiga deki nyumba nzima na hakusema na mumewe mpaka alasiri.

Mamake Jawahir, Bi Swabaha, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, aliyatazama hayo yote akitafuna tambuu. Yeye dawa alikuwa nayo, ile waliyoitumia mamake na nyanyake: mtoto mzito wa kusimama huchimbiwa shimo mchangani, akatiwa wima mpaka kiunoni, mchanga ukamshika, na magoti yakaizoea hali.

"Mama, mchanga haumpi mtoto sababu," Jaffar alimwambia kwa adabu, maana mkwe ni mkwe. "Wazee wetu wa zamani kabisa walisimama kwa sababu. Hata jarida lasema." Akamwonyesha picha.

Bi Swabaha akaiangalia safu ile kwa jicho moja. "Babu yangu mie ni Adamu. Wako wewe simjui. Hilo nilisahau kuliuliza siku ya posa, na nimekosa."

"Mie sisemi nyani, mama. Nasema miguu!"

"Haya. Nami nasema mchanga."

Ijumaa iliyofuata Jaffar alitoka msikitini kanzu yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na kichwani kofia mpya ya kushonwa kwa mkono, nakshi zake kama kimia. Alikuwa ametangulia mbele ya wenzake kwa sababu alisikia harufu ya biriani tangu kwenye sala, Mungu amsamehe. Pembeni mwa kichochoro chao palikuwa na chungu ya mchanga wa Abdullah, muuza manukato, aliyekuwa akitengeneza ukuta wake. Na katikati ya mchanga ule, Jaffar akamwona mwanawe ameota kama mche wa mpapai.

Aya alikuwa amefukiwa mpaka kiunoni. Wala hakulia. Alikuwa akijimwagia mchanga kichwani, mwingine akiuonja. Bi Swabaha ameketi barazani kando yake, kanga kaifunga kibwebwe, kijiko cha upawa mkononi kama jembe. Jawahir kasimama mlangoni, mikono ina unga wa manjano ya biriani. Alivyomtazama yule mtoto, usingethubutu kumwambia aondoke.

"Mama!" Jaffar akasema. "Mmempanda mtoto?"

"Nimempanda. Kwako hakuota."

"Mama, huyu hahitaji shimo. Ahitaji haja. Yule wa zamani, alipokuwa akienda kwa minne, aliona taabu. Taabu ndiyo iliyomsimamisha!"

"Taabu gani? Mbona ng'ombe yuaenda kwa minne na hajalalamika?"

"Ng'ombe hana la kubeba."

"Kwani huyo wako alikwendaje hata akataabika? Nionyeshe basi, nami nijue."

Hapo mwenye akili angecheka akaingia ndani kula. Jaffar alitazama huku, akatazama huku. Kichochoro kitupu. Akakusanya kanzu yake magotini, akashuka chini, akatia viganja kwenye mawe.

"Alikwenda hivi, mama. Hivi! Unaona? Sasa nikitaka kuchukua kitu, nitakichukua na nini? Nikitaka kuona mbele, shingo yaniuma. Na jua hili, lote ni la mgongo wangu." Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufanya kitu barabara, akaenda mbele kidogo, akarudi, akatia na mguno. Aya akaacha kula mchanga. Akamkazia macho babake kwa heshima ambayo hakupata kumpa.

Pale chini Jaffar akaona makubadhi. Makubadhi safi ya ngozi, na juu yake pindo la kanzu lenye harufu ya udi. Nyuma yake, viatu vingine, na vingine. Msikiti ulikuwa umetoka.

"Salaam alaikum, Jaffar," ilisema sauti ya Abdullah kutoka huko mbinguni.

"Alaikumu salaam," Jaffar akajibu akiyaambia makubadhi. Na papo hapo akagundua sababu ambayo jarida liliisahau: mtu alisimama ili apate kuitikia salamu kwa heshima.

"Umeangusha nini?"

Ulimi wa Jaffar ukatafuta neno. Angesema naonyesha mwendo wa watu wa kale, habari ingefika mpaka mtaa wa Tudor kabla ya chakula. "Pete," akasema. "Pete yangu ya akiki."

"Masikini! Ya babako?" Abdullah hakuwa mtu wa kumwacha jirani na msiba. Alikunja kanzu yake ya hariri, akashuka chini na yeye. "Wajameni, Jaffar kapoteza pete ya marehemu!"

Na watu wa Mombasa ndivyo walivyo, hawawezi kupita. Mwalimu wa chuo cha Kurani akashuka, miwani yamning'inia puani. Muuza samaki akaegesha baiskeli yake, akashuka. Mtu wa mkokoteni ambaye hakujua hata kinachotafutwa alishuka pia, akipapasa mtaro. Dakika si nyingi kichochoro kilijaa wanaume wa kanzu nyeupe wakienda kwa minne huku na huku, wakigongana vichwa, "samahani, sheikh," "hapana neno, ami," na katikati yao Jaffar, kidole chenye pete amekikunja ndani ya kiganja, akiitafuta kwa bidii kuliko wote.

Barazani Bi Swabaha alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

Aya ndiye aliyecheka waziwazi. Alicheka kicheko kile cha watoto kinachotoka tumboni mpaka mwili wote ukawa kicheko, na kwa kutikisika huko mchanga ukamlegea. Akajichomoa. Akasota mpaka kwa babake, ambaye mgongo wake ulikuwa umelala pale kama meza, akaikamata kanzu, akajivuta. Goti moja. Kisha mguu. Kisha wa pili. Akawa amesimama amemwegemea babake ubavuni, akitazama ile dunia ya migongo. Hakuna aliyemwona ila mamake.

Mwisho wa meza ile, kichwani, palikuwa na kofia mpya. Aya akaitaka. Akanyoosha mkono mmoja akaivuta, haikutoka. Basi akaiachia kanzu, akaishika kofia kwa mikono yote miwili, akaing'oa.

Na hapo akawa amesimama katikati ya kichochoro, hajashika kitu duniani ila kofia ya babake.

"Dede," Jawahir alisema. Akarudia. "Dede! Jamani, dede!"

Wale wanaume wakageuza vichwa pale pale chini. Mwalimu wa chuo akawa wa kwanza kupiga makofi, akiwa bado amepiga magoti. "Dede! Dede! Dede!" Mzee Abdullah naye, muuza manukato mzima, akaimba. Aya akaona wote wako sawa naye kimo, hakuna wa kumtisha, akainua mguu. Akaenda. Akayumba kama mlevi, akampita muuza samaki, akampita mwenye mkokoteni, akafika mlangoni, akajitupa kwenye miguu ya mamake na kofia yake. Jawahir alimbeba akamkumbatia mpaka manjano yakamjaa mtoto mgongoni. Alikuwa akilia na kucheka, na wala hakujali nani anamwona.

Jaffar akarusha mikono juu. Yote miwili.

"Na hiyo kidoleni ni nini?" Abdullah aliuliza.

Jaffar akaitazama pete yake. "Alhamdulillahi," akasema, "imepatikana," akasimama haraka kabla hajaulizwa lingine, akamgeukia mkwewe. "Mama, umeona? Mikono! Alipotaka kubeba ndipo alipoachia! Jarida limesema kweli!"

"Jarida?" Bi Swabaha kaondoa kanga usoni, macho mekundu kwa kicheko. "Saa nzima magoti yake yamo mchangani, leo jarida? Ni mchanga, mwanangu. Mchanga!"

"Kama ni mchanga," Abdullah alisema akijipangusa magoti, "basi ni wangu, na umetapakaa kichochoro kizima."

"Ni kofia!"

"Ni mchanga!"

"Mama, nakuheshimu, lakini sayansi..."

"Hebu nyamazeni," Jawahir alisema pale mlangoni, Aya bado shingoni mwake. "Wanaume wazima mmejazana chini, mmebanana kama dagaa. Mtoto kasimama kwa sababu juu ndiko kulikobaki nafasi."