Majirani Waliokatwa

Tangu arithi meza ya kazi ya marehemu mumewe, fundi wa kutia picha fremu, Mama Fremu alikuwa na desturi moja: picha lazima ikae katikati. Kilichozidi pembeni, liwe bega la mtu au mpita njia, kilikwenda na kisu. Wateja walimsifu kwa hilo, na kwa kuwa siku hizi walikuja kwa nadra, sifa hizo alizishika kama mali.

Mwalimu mstaafu wa sayansi alipomletea picha ya galaksi, hakufikiri mara mbili. Lile dubwana la nyota lilikuwa zuri jamani! Pao la mwanga limepita katikati, na kila ncha ya pao imetoa mkono uliojizungusha. Pembeni palikuwa na madoa mawili ya ukungu. Uchafu wa mtambo wa kuchapia huu, alijisemea, akayakata. Asubuhi yake vipande vile akawashia jiko.

Adhuhuri Mwalimu akaja. Alitazama picha, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mama Fremu, majirani zake wako wapi?"

"Majirani wa nani tena, Mwalimu? Huko nako kuna ugomvi wa mipaka?"

Hakucheka. "Yale madoa. Ni galaksi ndogo. Zinaivuta kubwa, nayo inazivuta. Unaona mkono huu ulivyonyooka kuliko ule? Unawafuata wao."

Mama Fremu aliweka kisu chini. "Vipande nimewashia jiko. Si ichapishwe nyingine?"

"Aliyenichapishia ni mwanafunzi wangu, na hatunaye tena. Ilibaki hiyo tu." Akaketi kwenye kigoda. "Nyumbani niko mimi na kuta, mama. Nilitaka nikiamka nione kitu ambacho hakiko peke yake."

Mama Fremu aliivuta picha mezani. Aliifungua fremu, akatafuta kubwa zaidi, akaizungushia picha kadi nyeupe pana, akampa penseli.

"Wachore mwenyewe. Safari hii sikati kitu."

Mwalimu alimchora wa kwanza taratibu, akamsugua kwa kidole mpaka akawa ukungu. Kisha penseli ikasimama hewani.

"Wa pili alikuwa juu, au huku chini? Wewe ulimshika mkononi. Hebu niambie."

Mama Fremu alifumba macho, akatafuta. Alikumbuka kisu, akakumbuka rula. Doa lenyewe hakuwa amelitazama.

"Jaribu, mama."

"Najaribu, Mwalimu."

Hakuna mteja aliyeingia. Walikaa hivyo, vichwa vimeinamia kadi nyeupe, kila mmoja akiogopa kumwambia mwenzake basi.