Aliyemsemea Haskell

Jioni ile ya Januari, sisi wanachama wa Republican wa mji wetu mdogo katika jimbo la Iowa tulijazana kwenye ukumbi wa kanisa kuchagua mgombea urais wa chama. Kwetu mtu husimama kwanza akamsemea mgombea wake mbele ya majirani, ndipo kila mmoja anaandika jina kwenye kikaratasi.

Mume wangu Verlyn alimsemea Haskell mpaka machozi yakamtoka. "Huyu hajawahi kuuza imani yake. Mnataka nini tena?"

"Tunataka kushinda uchaguzi wa Novemba, bwana!" jirani yetu Darrel akamkatiza. "Haskell wako mtu safi, lakini atagaragazwa. Brandt ana mdomo mchafu, ila anashinda."

"Basi heri nishindwe nikiwa upande wa mtu safi!"

Mimi mwezi mzima nilikuwa wa Brandt. Aibu ikanishika, nikaandika Haskell.

Mwenyekiti akasoma matokeo: Brandt sitini na mbili, Haskell moja.

Hiyo moja ni yangu. Nikamgeukia Verlyn. Alikuwa ameinama, eti anafunga kamba za buti. Buti zake hazina kamba.