Akaunti Iliyozaliwa Mwembesongo

Mimi nina hasira za karibu, na mtu asiyelijua hilo Mgeta nzima basi kahamia juzi. Ndiyo maana siku nilipochaguliwa katibu wa kikundi chetu cha stroberi, wanawake thelathini na wawili, kuna walioguna. Bibi Mosi, mwenyekiti wetu, ambaye kwangu ni mama mkubwa, aliwaambia kwamba katibu anatakiwa kujua kuandika, upole atafundishwa. Upole sijafundishika mpaka leo. Kuandika niliamini najua.

Mwaka huu bahati ilitushukia. Kampuni moja ya Dar es Salaam inayouza matunda kwenye mahoteli ilichagua vikundi kumi vya kuiuzia stroberi mwaka mzima, na kila kikundi kingetangulizwa fedha za kununua jokofu kubwa la sola. Aliyewahi kulima stroberi ataelewa kwa nini tulicheza ngoma siku ile. Tunda unalichuma asubuhi, jioni limeshaanza kutoa maji, na dalali wa barabarani anajua. Anakaa tu anachokonoa meno, anasubiri lilainike ndipo akutajie bei ya kukutukana. Jokofu maana yake ni kulala na mzigo wako bila kumwogopa mtu.

Sharti lilikuwa moja. Fedha zingetumwa benki kwa mtandao, Alhamisi saa sita mchana, vikundi vyote kwa mpigo. Kikundi ambacho malipo yake yangekataliwa na benki kingepoteza nafasi, nacho cha kwenye orodha ya akiba kingeingia.

Fomu niliijaza mimi. Jina la benki, jina la akaunti, namba ya akaunti, halafu pakaulizwa msimbo wa tawi. Hapo wala sikusita. Sisi benki yetu ni kibanda cha Halidi pale Mlali. Ni wakala, kibanda chake kimepakwa rangi za benki na ukutani kimetundikwa kibao chenye namba sita kubwa. Miaka yote tunaweka hela hapo, na huku kwetu mtu akisema anakwenda benki, anakwenda kwa Halidi. Nikaandika namba za kibaoni. Visanduku vilikuwa vitatu, namba zilikuwa sita, nikazibana mbilimbili huku nikiwalaumu waliochora fomu kwa ubahili wa karatasi.

Basi Alhamisi saa tatu asubuhi nimeshuka Mlali na ndoo ya stroberi za kuuza, nimevaa kitenge kipya, furaha imenijaa mpaka masikioni. Nikapita kwa Halidi kumringia. Nikamwambia leo kibanda chake kinaingia kwenye vitabu vya Dar, maana namba yake ndiyo inayotuletea jokofu. Halidi alikuwa anamhesabia mzee mmoja hela. Akaacha kuhesabu.

"Dada Zuleha," akasema taratibu, "hiyo ni namba yangu mimi ya uwakala. Siyo ya tawi."

Nikamuuliza kama yeye si benki, hizo rangi alizopaka ni za nini. Akanivumilia. Akaeleza kwamba kila tawi la benki lina msimbo wake, na fedha inayotoka mbali huutazama huo kwanza ndipo iitafute akaunti. Msimbo na akaunti visipopatana, fedha inarudi ilikotoka. Wameweka hivyo kwa usalama, hela ya mtu isiangukie kwa mwingine. Nilitamani kumrushia ndoo. Niliwaona wanawake wenzangu thelathini na mmoja, mmoja mmoja, kwa majina yao.

Nikampigia Yeremia, ofisa wa kampuni. Huyo ni mtu asiyepandisha sauti hata umfanyeje. Akasema mhasibu wao aliona namba sita akachukua tatu za mwanzo. Marekebisho yanapokelewa mpaka saa tano, si zaidi. Nikamwambia basi asubiri nimtajie msimbo sahihi kwa simu sasa hivi. Akakataa.

"Kwa simu hapana, dada. Wezi nao hupiga simu wakajiita makatibu. Nataka barua ya benki yenye mhuri, itumwe na benki yenyewe."

Nilimchukia kwa muda wa dakika moja, kisha nikaona ana haki. Nikarukia bodaboda na ndoo yangu mapajani. Kutoka Mlali mpaka Morogoro mjini sikumbuki kitu isipokuwa upepo, na dereva akiniomba nisimpige mgongoni kwa sababu pikipiki haiendi kwa mjeledi. Juisi ya stroberi ilikuwa imekichafua kitenge chote kwa mbele. Lakini nikuambie ukweli, katikati ya hofu ile moyo ulikuwa unaruka kwa raha. Jambo lilikuwa bado linawezekana, na lilikuwa mikononi mwangu.

Tawi tunalolijua ni la Mafiga. Huko ndiko tunakoshukia kukiwa na jambo la kusaini. Niliingia saa nne na dakika ishirini, nikapewa namba ya foleni, mbele yangu watu kumi na saba. Ukutani palikuwa na tangazo la tawi lenye msimbo wake, tarakimu tatu, zimeandikwa wazi kabisa. Nikazinakili kiganjani. Nikaona mambo yamekwisha, kilichobaki ni mhuri tu. Halafu nikasimama katikati ya ukumbi nikawaambia wale kumi na saba kwamba nina wanawake thelathini na mmoja mgongoni na dakika thelathini za kuishi, wanipishe. Sijui waliniona vipi na ule wekundu wa nguo. Walinipisha.

Dirishani alikuwa dada anaitwa Judith. Nikamwonyesha kiganja, nikamwambia aandike hizo agonge mhuri. Yeye akaandika namba ya akaunti yetu kwenye kompyuta, akatazama, akatikisa kichwa.

"Hizi ni za Mafiga," akasema. "Akaunti yenu mliifungua tawi la Mwembesongo. Msimbo wake ni wa Mwembesongo."

Hasira zikanipanda. Nikamweleza kwamba Mwembesongo tulikwenda siku moja tu, mwaka wa kwanza wa kikundi, na tangu hapo hatujakanyaga. Kila karatasi tumesaini Mafiga, tunajulikana Mafiga, hata mlinzi wa Mafiga anamsalimia Bibi Mosi kwa jina. Saa ya ukutani ilisema saa tano kasoro robo.

"Mmehama ninyi, mama," Judith akanijibu, wala hakukasirika. "Akaunti haijahama."

Nilimkumbuka marehemu baba yangu. Alimfuata mama mlimani kwao, akalima ardhi ya ukoo wa mama miaka arobaini, akajenga huko, akazeeka huko. Na mpaka siku anazikwa hakuna aliyemwita mtu wa ukoo wetu. Alikuwa wa lukolo, yaani ukoo, la mama yake, kule alikozaliwa, na wajomba zake ndio waliokuja kuulizwa. Sisi Waluguru hatumwulizi mtu anakaa wapi. Tunamwuliza ni lukolo gani, na nyumba ya bibi yupi. Na mimi, binti wa lukolo, nilikuwa tayari kuitajia Dar es Salaam nyumba ambamo akaunti yetu haikuzaliwa.

Nikacheka peke yangu pale dirishani, mpaka Judith akatabasamu bila kujua kwa nini. Nikakilamba kiganja nikafuta zile namba. Aliandika barua, akaipeleka kusainiwa, akagonga mhuri, akaituma kwa Yeremia kutoka kwenye kompyuta ya benki. Saa tano kasoro dakika nne. Yeremia akajibu neno moja: imepokelewa.

Kilichobaki kilikuwa kusubiri palepale ukumbini, na kusubiri sikuzaliwa nako. Ujumbe wa benki huingia kwenye simu ya Bibi Mosi, huko juu. Nilikuwa sijamwambia lolote. Saa sita ikapita. Saa sita na robo ikapita. Nikaanza kupanga maneno ya kujiuzulu, na kila nikipanga nilianza kulia. Saa sita na dakika ishirini na mbili simu yangu ikaita.

"Shikamoo, mama mkubwa," nikasema, na palepale nikaropoka yote, namba ya Halidi, visanduku, Mafiga, Judith, Mwembesongo. Nikamwambia akaunti ni kama mtu, benki ndiyo lukolo lake, tawi ndiyo nyumba alikozaliwa, na mimi nilikuwa nimeitajia nyumba ya jirani.

"Marahaba," akaitika. "Halidi alinipigia tangu asubuhi. Nikawaambia wenzio asikupigie mtu, usije ukagombana naye ukachelewa. Tumekaa hapa wote, simu iko katikati ya mkeka."

Nikamuuliza kama ujumbe umeingia.

"Judith wako ameshamaliza foleni?" akaniuliza. "Mshukuru. Mwambie ameijua nyumba yetu kuliko sisi."

Halafu aliisogeza simu mbali na mdomo, na vigelegele vikaja. Vya wanawake thelathini na mmoja, kwa mpigo, hata spika ya simu ikakwaruza. Nikaipandisha juu ili ukumbi wote usikie. Wachache wa wale kumi na saba waliokuwa bado kwenye foleni waligeuka. Bibi mmoja kati yao, simjui hanijui, alijitanda vizuri ukaya wake akapiga kigelegele cha kujibu.

Judith alisema hawaruhusiwi kupokea zawadi. Basi nikaisahau ndoo pale chini ya dirisha lake, nikatoka mbio.