Zile Zilizokua Haraka

Kule maabara walimwita Mkunga, na hawakuwa wanamtania. Seli zilizosinyaa mikononi mwa wengine, akizishika yeye zilikaa sawa. Ukimuuliza siri yake anacheka. "Nachagua zilizochangamka. Zinazozubaa natupa, basi." Kila walipohamishia seli kwenye sahani mpya, aliinama kwenye mikroskopu yake, akachota kundi lililonawiri kuliko mengine, na yaliyobaki yakaenda pipani.

Ndivyo alivyozilea hata seli za mdogo wake. Huyo mdogo wake alikuwa fundi cherehani, jicho moja limekwisha kabisa, la pili linafifia katikati. Walimchuna kipande cha ngozi, wakazirudisha seli zake utotoni mpaka zikawa seli shina, zile ambazo ukizielekeza vizuri zinageuka kuwa chochote: moyo, mfupa, hata tabaka la nyuma ya jicho. Tabaka hilo ndilo lililokuwa linamfia. Daktari wa macho alikuwa tayari kumpandikiza jipya wiki hiyo hiyo, na fundi alikuwa keshawaambia wateja wake ole wao waende kwa mwingine.

Asubuhi hiyo mkuu wa maabara, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimwita Mkunga mbele ya kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya kromosomu za mdogo wake, zile nyuzi za urithi zilizo ndani ya kila seli, zimepangwa jozi jozi. Aliangalia mara moja tu, akaona. Za namba kumi na mbili, badala ya kuwa mbili, zilikuwa tatu.

"Labda ni sahani moja tu," alisema.

"Ni zote."

"Na zile tulizogandisha?"

"Uligandisha kutoka sahani gani?"

Jamani! Aligandisha kutoka kwenye ile iliyopendeza kuliko zote.

Hapo ndipo lilipomwingia akilini. Kuna seli moja, siku moja asiyoijua, iligawanyika vibaya ikabaki na kromosomu ya ziada, na hiyo ziada ikaipa mbio. Ikazaa kuliko jirani zake, ikawasukuma pembeni, ikanawiri, na yeye Mkunga, kwa mkono wake mwenyewe, akaichagua. Akaichagua tena na tena! Zile nzima, zile alizoziona zinazubaa, ndizo alizozitupa. Tena akajisifu nazo nyumbani. "Seli zako zina fujo kama wewe," alimwambia mdogo wake mezani, wakacheka mpaka machozi.

"Tumchune ngozi nyingine leo hii," alisema. "Tuanze upya."

"Tunaweza. Lakini unajua kazi hii inavyokula muda. Mpaka tumalize, jicho litakuwa halina tena sehemu hai ya kupokea tabaka jipya." Mkuu alivua miwani, akayafikicha macho. "Zimwage, dada. Afadhali uzimwage wewe."

Fundi alikuwa kwenye chumba cha wageni, amekuja kupimwa jicho kabla ya upasuaji. Alizitambua hatua za dada yake tangu mlangoni.

"Dada, leo mbona unatembea kama umebeba ndoo kichwani?"

Mkunga alikaa, akamweleza yote bila kuzunguka, maana angezunguka angeshindwa. Alisema na ile sehemu ya kuchagua. Fundi alisikiliza, vidole vinapapasa pindo la shati.

"Si umesema zinakua vizuri?"

"Zinakua vibaya. Hazijui kukoma. Zikiingia jichoni zinaweza kuwa uvimbe, na uvimbe ukapanda kichwani."

"Zinaweza, au zitakuwa?"

"Zinaweza."

"Basi niwekeeni!" Alimshika mkono, akaubana mpaka ukauma. "Huo uvimbe uje, nitaugua nikiwa naona. Nipe hata miaka miwili, dada. Mwanangu ndiyo kwanza anatambaa. Waambie nitatia sahihi, waambie nimetaka mwenyewe. Nakupigia magoti."

Na kweli alishuka kwenye kiti, akapiga magoti, mtu mzima na ndevu zake.

Mkunga alirudi kwa mkuu mbio, nusura avunje mlango. Alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Mkuu alimwacha amalize.

"Wewe ndiye uliyezikuza, na hakuna anayezijua kuliko wewe," alisema. "Niambie una hakika zitageuka kuwa tabaka la jicho na kutulia. Ukisema hivyo nampigia daktari sasa hivi, na lawama nitabeba mimi."

Mkunga alifungua mdomo. Neno lenyewe lilikuwa dogo, ndiyo, na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini alizijua. Alikuwa ameziona zikirundikana na kusongana kwenye sahani, na upofu wake ulikuwa kuuita ule msongamano afya. Aligeuka, akaenda kwenye kabati la joto walimozilea seli.

Klorini ilipoingia kwenye sahani, chakula cha seli, cha rangi ya waridi, kilipauka kikawa kama maji. Seli za mdogo wake ziliachia sahani vipande vipande, zikaelea. Alizimwaga zote huku analia kwa sauti, asijali nani anasikia.

Alimkuta fundi amerudi kwenye kiti.

"Umemwaga?"

"Nimemwaga."

Hakufoka. Angefoka ingekuwa afadhali. Alinyoosha mikono, akaupapasa uso wa dada yake na kuugeuzia upande wa dirisha. Akainamisha kichwa chake kando, kwa sababu katikati palikuwa na giza tupu, na kilichobaki cha kuona kilikuwa pembeni.

"Loo, umezeeka," alisema. "Na hakuna aliyeniambia."

Mkunga aliangua kilio.

"Nyamaza basi, dada," alisema fundi, bado amemshika mashavu. "Nyamaza kidogo tu. Sitaki sura nitakayobaki nayo iwe hii ya kulia."