Ndeshi Apande Hivi Alivyo

Kule Santiago de Cuba, msichana mweusi aliyetaka baleti alielekezwa kwenye ngoma za asili. Nereida Quiñones alikataa kuelekezwa. Alijifunza, akacheza, kisha akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufundisha katika shule ya baleti ya mji ule. Uzeeni alimfuata mwanawe Houston, akafungua darasa mtaa wa Gulfton, katika ukumbi wa nyumba za kupanga. Huko ndiko alikompata Melania, binti wa nesi Mtanzania, mwenye miguu mirefu na mdomo usiopumzika.

Wanafunzi walimwita Maestra, yaani mwalimu kwa Kihispania. Taiti, zile soksi ndefu za kuchezea, na viatu vya rangi ya waridi vya madukani hakuvitaka kabisa. Alivichemsha kwa majani ya chai na kahawa mpaka vikafanana na ngozi ya mvaaji.

“Mtu akikutazama aone mwili mmoja,” alisema, “siyo nusu yako na nusu ya mwingine.”

Melania alipokua alipata kazi ya ofisini, akahamia Mansfield, na Jumamosi akawa anafundisha watoto baleti katika ukumbi wa kanisa. Mwaka 2018 aliwapeleka kwenye mashindano yao ya kwanza, mji jirani wa Fort Worth. Ndeshi, binti wa mama mmoja aitwaye Bertila, ndiye aliyepangwa kutangulia kupanda.

Nyuma ya jukwaa msimamizi alimtazama Ndeshi miguuni, kwenye taiti ambazo Melania alizichemsha kwa chai kama alivyofunzwa. “Kanuni ni taiti za waridi, la sivyo alama zinakatwa. Tunazo za akiba, mbadilishe.”

Bertila akamvuta Melania pembeni. “Mwalimu, mbadilishe tu. Mtoto ame-practice mwaka mzima, leo anyimwe alama kwa sababu ya taiti?”

Melania akampigia Maestra, aliyekuwa Houston akiuguza nyonga, akamweleza yote.

“Darasa ni la nani?” Maestra aliuliza.

“Langu.”

“Sasa mimi unanipigia ya nini?” Akakata simu.

Melania alikasirika, kisha akajikuta anacheka. Akarudi kwa msimamizi. “Atapanda hivi alivyo. Mkitaka kukata alama, kateni.”

“Tutakata.”

“Haya.”

Akachuchumaa mbele ya Ndeshi. “Watakupunguzia alama, mama, na hujakosea kitu. Bado unataka kucheza?”

“Of course, Mwalimu,” Ndeshi alijibu, akashika njia ya jukwaani.

Alicheza kama mtu aliye kwao. Aliporuka, mguu ulionekana wote, kuanzia nyonga hadi ncha ya kidole. Bertila akasahau hofu yake, akapiga vigelegele vilivyogeuza vichwa vya ukumbi mzima.

Alama zilikatwa kweli, na kombe likaenda kwa mwingine. Walipokuwa wanapakia vitu garini, Mkenya mmoja, Patroba, akawajia na binti yake aliyevaa waridi.

“Mwalimu, unafundishia wapi? Huyu wangu anataka kucheza kama yule wenu.”

Jumamosi iliyofuata alimleta, na baada yake wakaja wengine. Melania aliwakusanya wazazi wakawaendea waandaaji, wakabishana nao bila matusi na bila kurudi nyuma. Mashindano ya 2019 kanuni ikawa waridi au rangi ya ngozi.

Mwaka huo huo Maestra alihamia Mansfield, fimbo mkononi, akaomba apewe darasa la wadogo. Melania alimpa, kwa sharti aanze saa nne, siyo alfajiri kama alivyozoea. Maestra alibishana mpaka chai ikapoa, kisha akauliza ufunguo wa ukumbi huwa kwa nani alfajiri.