Nusu ya Firigisi

Matapeli wa Malaba walimjua na kumkwepa. Huu ulikuwa mwaka wa nane akitoka Nambale kila Jumanne kununua maharagwe yanayovuka kutoka Uganda, na mdomo wake haukuwa na breki. Muuza pete za dhahabu bandia aliulizwa mbona mkewe hana hata moja. Ombaomba aliyebeba mtoto wa kukodi aliambiwa mbele ya watu kwamba Jumanne iliyopita mtoto huyo alikuwa wa kiume. Na wale wa kupiga simu, "Mama, nimekutumia pesa kwa makosa, nirudishie," walimaliza salio lao bure.

Sokoni walimwita Mama Maurine. Jina lake hasa, Mugeni, alipewa kwa kuwa alizaliwa wageni wakiwa wamejaa nyumbani, na lilibaki huko huko kwao, kwa watu ambao sasa karibu wote wamezikwa.

Isipokuwa Oduori, kaka yake. Miaka kumi na minne iliyopita Oduori alipanda trela la Juba akiwa utingo, akapiga simu mara mbili, kisha kimya. Mama yao alikufa na shati la Oduori chini ya mto. Maharagwe yako hata Busia, tena karibu zaidi na Nambale, lakini trela la Oduori lilipitia Malaba. Mugeni hakumweleza mtu sababu hiyo.

Jumanne hiyo alikuwa akipita kando ya foleni ya matrela aliposikia sauti nyuma yake.

"Mugeni! Mugeni wetu!"

Aligeuka akamwona mwanamume ameketi juu ya katoni, gongo kando, shavu moja lina kovu la moto. Umri ulikuwa ule ule wa kaka yake.

"Oduori?" alisema, na hapo yule mwanamke asiyeibiwa akawa amefungua mlango mwenyewe.

Yule mtu alimtazama kidogo tu. "Si ni mimi, dada. Umechelewa sana."

Mugeni alilia njiani bila aibu. Alimpeleka kwenye hoteli ya Rosebella huku akimsimulia yote, kwamba mama hayupo tena, kwamba nyumba ya Nambale bado imesimama. Yule mtu aliitikia na kutikisa kichwa kila palipostahili.

"Rosebella, leta ugali na kuku," Mugeni aliagiza. "Na imondo. Usiikatekate."

Imondo, yaani firigisi, kwao ni ya baba mwenye boma, na mwanamke haionji. Lakini utotoni Oduori alikuwa akiichopoa chunguni, anakimbia nayo nyuma ya jikoni, anaikata kwa meno na kumpa Mugeni nusu, ya moto, kidole mdomoni asiseme. Mama yao alimlaumu paka hadi anaingia kaburini. Mugeni aliiweka firigisi kwenye sahani ya yule mtu, akakunja mikono mapajani. Alijiambia hamjaribu, anangoja tu.

Yule mtu aliila yote.

"Tamu sana, dada," alisema akijipangusa. "Sasa nisaidie fare kidogo nifuate mzigo wangu Tororo. Kesho niko Nambale."

Hata Nambale alikuwa ametajiwa na Mugeni.

Wakati huo msafiri mwenye sanduku alipita mlangoni, na mdomo wa yule mtu ukamponyoka kwa mazoea. "Mugeni! Mugeni wetu, karibu, saidia mlemavu!"

Mgeni. Kwa ulimi wa huku, kila mgeni ni mugeni. Yule mtu aligundua alichofanya, akainamisha kichwa.

Rosebella alikuwa ameshatoka jikoni na mwiko, akingojea mvua ya matusi. Haikunyesha. Mugeni alikuwa amempoteza kaka yake mara ya pili, juu ya sahani, na hakuwa na nguvu za kumtukana mtu.

"Unaitwa nani?"

"Otukei, mama. Wa kule Chakol. Nisamehe tu."

"Otukei, niite tena."

"Nikuite nani?"

"Vile uliita kule nje."

Otukei alimtazama Rosebella kwanza. Kisha akasema polepole, "Mugeni."

"Hapana. Hivyo ni vya mtu aliye karibu." Mugeni alielekeza kidole ng'ambo ya barabara. "Enda kule kwa matrela. Niite kama mtu ametoka mbali, halafu ameniona."

Otukei alichukua gongo lake. Alitoka, akavuka barabara akichechemea, akafika pale kwenye katoni yake. Mugeni aligeuza kiti, akaupa mlango mgongo, akafumba macho, akangoja.