Sikusamehewa, Nimelipa
Asubuhi ile nilikuwa nimemaliza deni la kadi ya mkopo, natembea kama nimeota mabawa. Kwa kadi hiyo nilinunua vyuma vya geti la mteja, mteja akatoroka, riba ikapanda, jina langu likachafuka kwa wakopeshaji wote. Sasa nina ripoti ya mikopo mkononi na kianzio, yaani malipo ya kwanza, mfukoni, naenda kuchukua mashine yangu mwenyewe ya kuchomelea, nisikodishe tena za watu.

Mwenye duka la mashine alivaa miwani, akasoma, akanirudishia karatasi.

"Cheche," akaniita kwa jina langu la utani, "hapa pameandikwa 'limesamehewa'. Mimi nauza kwa awamu. Sisamehi."

Dada yangu, aliyenisindikiza, akaangua kicheko. "Haya, msamehewa, twende."

Tukaenda benki mbio. Karani alitazama kompyuta yake. "Deni ulililipa lote, kaka. Faini za kuchelewa ndizo tulizokufutia. Mfumo ukiona hivyo unaandika 'limesamehewa'."

"Nani aliomba?"

"Hukuomba. Ni huruma ya benki tu."

Huruma. Masikio yalinichemka. "Nikizilipa hizo faini, neno linabadilika?"

"Papo hapo. Lakini kaka, wenzako hunililia niwafutie."

"Wenzangu sio mimi."

Dada alinivuta shati. "Hicho ni kianzio cha mashine, mdogo wangu. Unanunua neno?"

Nilikuwa nimeshakitoa. Karani alihesabu, akabonyeza, printa ikakoroma, karatasi ikatoka ingali na moto: limelipwa. Nililisoma kwa sauti mpaka foleni nzima ikageuka.

"Kiburi kimekula mashine," dada akasema njiani, lakini hata yeye alikuwa anakimbia.

Mwenye duka alisoma mara mbili. "Safi. Kianzio?"

"Kimeishia kwenye hilo neno."

Alinitazama juu ya miwani. "Faini ulizofutiwa, ukarudi kuzilipa?"

"Hata chenji hakubaki nayo," dada akachomekea.

Mzee alijikuna kidevu, kisha akaikokota mashine mpaka mlangoni. "Haitoki hapa. Utachomelea hapahapa kizingitini, wateja wakuone, mpaka kianzio kitimie kwa ujira wako. Siku hiyo unaibeba. Umekubali?"

Nilikuwa nimeshavaa miwani nyeusi ya kuchomelea, natafuta waya wa umeme.

"Mpisheni," dada akawaambia wapita njia. "Huyu leo hana breki."

Moto wa kwanza uliruka mpaka barabarani.